Sekunde Thelathini Dirishani

Jumanne, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana bila hata kupiga hodi. Nguo nilizoanika asubuhi nimezianua zikiwa zimelowa kuliko nilivyozitoa kwenye beseni. Pamoja na mvua imefika kamera ya kaka. Ni ya kwake ya zamani, amenunua mpya. Amenipigia simu kuniambia itanichangamsha. Kaka anampenda mama sana, hasa kwa simu.

Kamera yenyewe ina kilema. Gurudumu la juu, lile la kuchagua namna ya kupiga, limekwama kwenye herufi M na haligeuki hata kwa koleo. Maana yake haijipangii kitu, kila kitu upange mwenyewe. Picha yangu ya kwanza ilitoka nyeupe tupu, ya pili nyeusi tii. Lakini nimefundisha hesabu miaka kumi na mmoja, sitashindwa na kidude chenye namba. Nitaandika mipangilio ya kila picha katika kurasa zilizobaki za daftari hili la alama za wanafunzi, na nafasi ikibaki nitaandika na mengine.

Mengine ndiyo haya. Mama alipata kiharusi mwezi wa kwanza. Mkono umerudi, ulimi umerudi na makali yake yote, miguu imegoma. Nimechukua likizo bila malipo ili nimuuguze. Mwalimu mkuu ameniwekea nafasi yangu hadi Jumatatu, tarehe nne Mei, muhula unapofunguliwa. Nisipotokea siku hiyo anapewa mtu mwingine. Mama asipokuwa anatembea kufikia hapo, sina wa kumwachia.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Picha kumi na nne za sufuria. Hakuna hata moja inayofanana na sufuria.

Jumamosi, 7 Machi

Nimemwacha mama na jirani yetu, Mama Maswali (si jina lake, ni kazi yake), nikaenda kwa fundi picha wa karibu na posta, yule anayepiga picha za vitambulisho. Ni mtu mzima, mpole, anaongea kama mwenye siku nzima mbele yake. Amenieleza kwamba mambo ni matatu tu: tundu la lenzi, muda ambao jicho la kamera linabaki wazi, na wepesi wake wa kuona penye giza. Ukiongeza hapa, punguza pale. Hapo nilimwelewa vizuri, ni mlinganyo. Aliponiambia kwamba namba ndogo ndiyo tundu kubwa na namba kubwa ndiyo tundu dogo, nikamwambia hesabu zao zilitungwa na mtu aliyesimama kwa kichwa. Akacheka hadi akavua miwani.

Ameniazima stendi ya miguu mitatu. Ameniambia nikishabonyeza niondoke kabisa, nisishike kitu, kwa sababu mkono ukitetemeka kidogo picha inaharibika. Haraka haraka haina baraka, mwalimu, alisema.

Jumanne, 10 Machi

Daktari wa viungo amekuja. Ameinua miguu ya mama, ameikunja, ameigonga na kinyundo chake, kisha akanivuta pembeni na kuniambia haoni kosa kwenye miguu. Ni ya kuzoeshwa tu. Mama alikuwa amemsikia. Alimwambia, "Miguu ni yangu. Ikipona nitakuwa wa kwanza kujua."

Tumecheka wote watatu. Halafu nimembeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, na mgongo wangu haukucheka.

Jumapili, 15 Machi

Leo nimejifunza kitu ambacho hakijanitoka akilini. Jioni giza likianza kuingia nimeweka kamera barazani, nikafinya tundu hadi namba ishirini na mbili, nikaacha jicho wazi sekunde thelathini. Njiani watu walikuwa wanapita na miavuli kama kawaida. Kwenye picha hakuna mtu. Mtaa mzima umehama. Yamebaki maduka, nguzo ya umeme, na baiskeli iliyoegemezwa ukutani.

Nimempigia fundi. Ananiambia anayetembea haandikwi, anayesimama ndiye anaandikwa. Akisimama nusu ya muda, ataandikwa nusu.

Nilimwonyesha mama. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akasema nimewaua wote. Akaisukuma kamera kwa kiganja na kuniambia kwamba yeye nisimpige kamwe.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Mgongo.

Ijumaa, 20 Machi

Nimeanza kupiga sebule. Ni chumba cha kujifunzia vizuri maana hakina mwanga wa maana: dirisha moja, pazia zito la kijani, saa ya ukutani, meza, na malimau sita niliyoyapanga kwenye bakuli. Mama huwa namsukuma chumbani kwake kwanza. Mlango wake unafungukia sebuleni na anataka uachwe wazi kidogo ili aweze kuniita.

Sekunde thelathini, tundu ishirini na mbili. Nabonyeza, kamera inalia klik, mimi natoka kwa mlango wa nyuma nakwenda jikoni kuangalia chungu. Jiko letu liko nje, ng'ambo ya ua, hatua kumi na mbili. Nikirudi, kamera inakuwa imeshalia klik ya pili, bado inatafuna picha yake. Malimau yametoka mazuri hadi nimejisifu kwa sauti. Kuna doa tu la kijivu karibu na pazia. Nimefuta lenzi.

Jumatatu, 23 Machi

Doa limerudi, mahali palepale. Lenzi ni safi. Kwenye picha zingine halipo. Na leo ni refu.

Alhamisi, 26 Machi

Niandike kwa mpangilio, hatua kwa hatua.

Saa kumi jioni nilipiga sebule kama kawaida. Klik, nikatoka, nikakoroga chungu, nikarudi. Picha ilipotokea kwenye kioo cha nyuma cha kamera niliona mtu amesimama kando ya pazia, ameipa kamera mgongo. Ukuta unaonekana kupitia kwake. Saa ya ukutani inaonekana kupitia bega lake, namba za upande mmoja zinasomeka, kuanzia saba hadi kumi. Kichwa ni ukungu mtupu. Lakini koti lilikuwa wazi, na koti lile nalijua: la kijivu, mabega mapana, mfuko wa kushoto umening'inia. Ni koti la baba.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita, mwezi huu huu, kwenye chumba hiki hiki. Mimi nilikuwa shuleni nasimamia mtihani.

Sikupiga kelele. Niliketi sakafuni palepale. Halafu nikainuka na kwenda chumbani kwa mama. Alikuwa kwenye kiti chake nilivyomwacha, blanketi magotini, mikono juu ya blanketi. Koti la baba lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, kwenye msumari wake wa siku zote. Nililigusa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelowa.

Mama aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia vumbi. Akauliza kama chakula kiko tayari.

Jumapili, 29 Machi

Mama Maswali alikuja kuuliza kwa nini nimekonda, kwa nini silali mchana, na kwa nini juzi alinisalimia juu ya uzio wa nyuma nikiwa dirishani nikamnyima jibu. Nikamuuliza juzi saa ngapi. Ilikuwa saa kumi na kitu. Saa kumi na kitu mimi nilikuwa jikoni. Nikamwambia nilikuwa na mawazo, anisamehe.

Jumatano, 1 Aprili

Nakiri hapa kwa kuwa daftari halina mdomo: siogopi tena kama mwanzo. Nampiga picha kila siku. Siku nyingine hatokei, siku nyingine anatokea hafifu. Jana kabla ya kubonyeza nilimsalimia. Nikamwambia, shikamoo baba, nimechoka, mfanye mama atembee. Nililia kidogo, kisha nikabonyeza, nikaenda kuangalia maharage.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimempelekea fundi picha zote tano alizotokea. Nilitaka aniambie ni kasoro ya kamera, au aniambie kweli ni baba. Moja kati ya hayo mawili ningelikubali.

Alizichapa, akazitazama moja moja kwa kioo cha kukuzia. Akanipa pole ya baba. Halafu akaniuliza picha hizi zilichukua muda gani na mimi nilikuwa wapi. Nikamwambia nusu dakika, na nilikuwa jikoni.

"Mwalimu, huyu si mzimu hata kidogo," alisema. "Huyu amekuja kamera ikiwa wazi, amesimama hapa kama sekunde kumi na tano, na amerudi kwa miguu yake."

Nikamwambia ndani hakukuwa na mtu. Ni mama tu, na mama hatembei. Fundi aliweka kioo chini, akaanza kufuta miwani yake iliyokuwa safi.

Jumatatu, 6 Aprili

Sikuweza kulala kwa ajili ya neno "miguu yake," kwa hiyo nimefanya kama ninavyowafundisha wanafunzi: usibishane na jibu, rudia hesabu. Leo mama alikuwa kwa daktari wa viungo, amechukuliwa na gari la zahanati. Nililivaa koti. Nilibonyeza, nikasimama kando ya pazia, nikainua ukingo wake huku nahesabu sekunde tano, nikaondoka. Nikarudia kwa kumi, kwa kumi na tano, kwa ishirini.

Ya kumi na tano ndiyo inayofanana. Nilipolivua koti, mkono wa kulia ulikuwa umelowa. Dirisha halifungi vizuri, na anayeinua ukingo wa pazia anadondokewa na maji.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo sikukoroga chungu chochote. Niliinamisha kamera kidogo ili sakafu iingie, nikabonyeza, nikatoka kama kawaida.

Kichwa kimefutika tena, maana kilikuwa kinageukageuka. Koti ni ukungu. Lakini miguu haikusogea. Imesimama peku juu ya saruji, wazi hadi vidole. Kidole gumba cha kushoto hakina kucha, na kifundo cha kulia kina kovu la chai ya moto.

Ninaijua miguu hii. Ninaiosha kila asubuhi.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimemwosha miguu. Nimemkausha katikati ya vidole. Alisema maji yalikuwa ya baridi.

Jumamosi, 11 Aprili

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha afya sijui anaumbuliwa na nini.

Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, na mtu mwenyewe ni mama yangu. Miezi mitatu nimembeba. Nimembeba kitandani, msalani, barazani. Nimelala na kitambaa cha maji moto kiunoni. Usiku akiita nainuka kabla hajamaliza jina langu. Na wakati wote huo anatembea, na anajua, na ananingojea nitoke.

Kinachonitisha zaidi ni jinsi anavyoweza. Nikirudi kutoka jikoni blanketi limekunjwa vilevile, mikono iko vilevile, hahemi. Leo nilimtazama akinywa uji na nikajiona naogopa. Niliogopa mzimu wa baba kidogo kuliko ninavyomwogopa mwanamke huyu aliye hai anayefuta mdomo kwa leso.

Nimefikiria kugeuka ghafla na kumfuma. Sijafanya hivyo. Sijui nitasema nini nikishamfuma.

Jumanne, 14 Aprili

Mama alipolala mchana nilikwenda kusimama pale anaposimama. Sikuwahi kujiuliza anatazama nini. Niliinua ukingo wa pazia kama anavyoinua yeye, na maji yakanidondokea.

Hakuna barabara pale. Hakuna mtaa. Dirisha lile linatazama ua wetu, na ng'ambo ya ua ni mlango wa jiko. Siku zote nilipokuwa naukoroga mchuzi nikijidhani niko peke yangu, alikuwa ananitazama mimi.

Nilisimama pale muda mrefu. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikujua tena ikae wapi.

Jumatatu, 20 Aprili

Mwalimu mkuu amepiga simu. Zimebaki wiki mbili, anahitaji jibu, kuna kijana ameomba nafasi ile na ana vyeti vizuri. Nilimwambia nitamjibu. Nilipogeuka mama alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti. Jioni hakula. Alisema sasa na mkono umeanza kumuuma.

Jumapili, 26 Aprili

Mvua imepungua, jua limetoka saa nzima. Nimesogeza kiti cha mama mezani, nikaweka kamera mbele yake, nikamwambia nataka kumfundisha. Alisema yeye na mitambo wapi na wapi. Nikamwambia ni dakika tano tu.

Nilimwonyesha tundu linavyofinywa. Nilimwonyesha namba za muda. Nikaiweka kwenye sekunde thelathini, nikamshika kidole na kumbonyezesha. Ikalia klik. Akaondoa kidole haraka, akasema basi, imepiga. Nikamwambia haijapiga, ndiyo kwanza imefumbua jicho. Tukaingojea. Saa ya ukutani ilisikika. Kwa muda wote ule mama hakupepesa macho. Ikalia mara ya pili.

"Kwa hiyo ikilia mara ya kwanza ndiyo inaanza?" aliuliza.

"Ndiyo inaanza, Mama."

"Na wewe ukitoka, yenyewe inaendelea kutazama."

"Inaendelea."

Aliipapasa kamera pembeni kwa kidole kimoja. Kisha akasema amechoka, nimrudishe chumbani. Nikamsukuma. Hakuuliza nilichokwishaona.

Jumatano, 29 Aprili

Siku tatu sebule tupu. Malimau, pazia, saa. Mama haongei ila kuomba maji. Nimemwandikia mwalimu mkuu barua ya kuachia nafasi. Bado sijaituma. Nimeiweka mezani, chini ya bakuli, mahali ambapo anayetembea anaweza kuisoma.

Jumamosi, 2 Mei

Hakuna mvua. Saa kumi jioni niliweka stendi, nikafinya tundu. Nilipotaka kumsukuma mama, alisema nimwache mlangoni pake, hapohapo inatosha. Nilibonyeza. Klik. Nikatoka.

Jikoni sikugusa kitu. Nilisimama nikilipa dirisha mgongo, nikahesabu thelathini kwa sauti ndogo, kisha nikaongeza kumi, kwa sababu sikuwa tayari kurudi. Nilivuka ua nikaingia.

Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule. Amevaa koti la baba, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, na uso ameuelekeza kwenye kamera. Hakushika meza wala ukuta. Kamera ilikuwa imeshalia mara ya pili, inatafuna. Yeye alikuwa bado amesimama.

"Imemaliza?" aliuliza bila kugeuza kichwa.

Nikamwambia imemaliza. Hakukaa. Alisema baba alipoanguka humu ndani, yeye aliita watu hadi sauti ikamkauka, na mvua ilikuwa kubwa, na hakuna aliyesikia. Alikaa naye sakafuni hadi mimi niliporudi kutoka shuleni jioni. Miguu ilirudi mwezi wa pili, alisema, na siku iliporudi alifurahi kwa muda wa kufika dirishani tu. Alipofika dirishani akaniona jikoni, akakumbuka kwamba akipona nitaondoka, na yeye atabaki na nyumba hii.

"Naogopa, mwanangu. Si kufa. Naogopa kuita."

Nilitaka kumwambia yote niliyoandika tarehe kumi na moja. Nilikuwa nayo mdomoni, yamepangwa. Badala yake nilimwambia kwamba mgongo unaniuma, Mama, unaniuma sana. Akasema anajua, alikuwa anauona kila nilipoinama jikoni. Machozi yalimshuka lakini mikono ilibaki pembeni, kama vile kamera ilikuwa bado inamtazama.

Nilipiga hatua kwenda kumshika. Akanizuia kwa kiganja.

"Usinishike. Ile barua ichane, na Jumatatu uende. Nenda kabla sijakaa tena."

Picha nimeitazama baadaye. Sekunde thelathini kamili, na hakuna kinachoonekana kupitia kwake. Uso uko wazi, kila kifungo kiko wazi. Magoti tu ndiyo yamefifia kidogo, kwa kutetemeka.

Jumatatu, 4 Mei

Vipindi vinne, wanafunzi hamsini na wawili, hakuna aliyekumbuka kanuni hata moja. Saa saba mchana nimepiga simu nyumbani. Simu ya mama inakaa mezani sebuleni. Imeita mara moja, mbili, tatu. Walimu wenzangu walikuwa wanacheka kitu fulani, nikawaomba wanyamaze. Imeita mara saba, nane. Nilikuwa nimeshachukua mkoba wangu na niko mlangoni ilipoita mara ya kumi.

Alipokea akihema. Akasema nisimharakishe, alikuwa jikoni.